Sahani ya Dresden kwa Mabaki ya Vitenge: Kushona Kitambaa cha Meza na Kurekebisha Kilipoharibika

"Mbona katikati imesimama kama kawa?" "Mbona ncha hii ndefu na ile fupi?" "Duara langu limetoka na kona, nifanyeje?" Maswali haya matatu nimeulizwa na karibu kila mtu aliyejaribu kushona Sahani ya Dresden kwa mara ya kwanza. Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimeona heri niandike yote mahali pamoja, kuanzia kukata kiolezo hadi kufumua palipokosewa, ili ukikwama usiku na kazi iko chini ya sindano upate pa kuangalia.

Kwa asiyeijua: ni mtindo wa kuunganisha petali za vitambaa tofauti, zetu hapa ni 20 na kila moja ina ncha, zimepangwa kuzunguka duara dogo kama alizeti. Jina ni la mji wa Dresden, Ujerumani, uliosifika kwa vyombo vya kaure vilivyopambwa maua. Vingi vilitoka Meissen, mji jirani, ambako kiwanda kilianza mwaka 1710. Lakini ushonaji huu ulishamiri Marekani, miaka ya 1920 na 1930, wakati akina mama wa huko walipokuwa wakitunza kila kipande kilichobaki cha gauni, na hata magunia ya unga yaliyofumwa kwa pamba na kuchapwa maua. Ndiyo sababu mtindo huu unaelewana sana na mabaki ya vitenge yaliyolala chini ya meza ya fundi cherehani. Ulizaliwa kwa mabaki.

Tutakachoshona ni kitambaa cha mraba cha sentimita 58 kwa 58, chenye sahani ya sentimita 48 katikati. Kinakaa vizuri juu ya meza ndogo ya sebuleni au katikati ya meza ya chakula. Ukiwa na cherehani ya mshono ulionyooka tu, hata ya kuzungusha kwa mkono, inatosha.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mabaki ya pamba ya aina 5, kila kimoja angalau sm 30 kwa 20. Kila baki litatoa petali 4.
- Kitambaa cha msingi cha rangi moja, sm 60 kwa 60. Hapa ndipo sahani itakapokaa. Rangi ya maziwa, nyeusi au buluu iliyokolea huvionyesha vitenge vizuri.
- Kitambaa cha mgongo, sm 66 kwa 66. Marikani au bafta vinafaa kabisa, na bei yake ni nafuu.
- Pamba ya kujazia, ile inayouzwa kwa mita ikiwa bapa kama blanketi, sm 66 kwa 66. Ukiikosa, blanketi jepesi la zamani lililokwisha kufuliwa mara nyingi linafanya kazi ileile.
- Kipande cha sm 16 kwa 16 cha duara la katikati.
- Vipande vitatu vya kuzungushia ukingo, kila kimoja upana sm 6 na urefu sm 110.
- Uzi imara, sindano mpya ya cherehani namba 14, sindano ya mkono, pini, mkasi mkali, kifumulio au wembe.
- Rula, bikari, penseli iliyochongwa vizuri, na plastiki ngumu ya kukatia kiolezo. Kava la faili la plastiki linafaa.
- Pasi. Iwe ya umeme au ya mkaa, iwe karibu na cherehani, maana utaitumia kila baada ya dakika chache.

Kuhusu vitambaa, nakuomba usiruke hatua hii. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, kinarudi kinapofuliwa, na kingine kinachuja rangi, hasa nyekundu na buluu ya nili. Fua vyote kwanza, kila rangi peke yake. Kisha lowesha kona ya kila kitambaa, ikandamize kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha doa, fua tena, na kisipoacha kuchuja kiweke kando kwa kazi nyingine. Pili, hakikisha ni pamba kweli. Kata nyuzi chache pembeni, ziunguze mbali na watoto: pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, polista inayeyuka na kuacha punje ngumu. Polista haikunjiki vizuri na itayeyuka chini ya pasi ya moto.

Mashati ya pamba ya mitumba ni hazina hapa. Yamekwisha kurudi, yamekwisha kuchuja, na mistari yake midogo inatulia kati ya maua makubwa ya kitenge. Khanga nayo inapendeza, ila ni nyembamba kuliko kitenge, kwa hiyo ipige maji ya wanga na pasi kabla ya kukata ili isiteleze mkononi.

Hesabu moja tu unayohitaji

Duara ni digrii 360. Petali ni 20. Kila petali lazima iwe na pembe ya digrii 18. Petali zikiwa na digrii 18 na nusu, jumla inafika 370 na ukingo unatoka na mawimbi kama marinda. Zikiwa na 17 na nusu, jumla ni 350, na katikati inainuka kama kawa. Nusu digrii huioni kwa macho kwenye petali moja, ila kwenye petali 20 inaharibu kazi nzima.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni hili: ukishona mishono yote minene kidogo, yaani mbali zaidi na ukingo wa kitambaa, lakini sawasawa kutoka juu hadi chini, sahani bado italala bapa. Itapungua kidogo tu, na tundu la katikati nalo litapungua. Kinachoiharibu ni mshono unaoanza sawa kisha unapinda. Ukikosea milimita 1 mwisho mmoja wa kila mshono na sifuri mwisho wa pili, unabadilisha jumla kwa zaidi ya digrii 13.

Hatua kwa hatua

1. Chora kiolezo. Piga mstari ulionyooka wa sm 19 juu ya plastiki. Huo ndio uti wa mgongo wa petali. Mwisho mmoja, pima sm 1.5 kila upande wa mstari, kwa pembe mraba. Mwisho wa pili, pima sm 4.5 kila upande. Unganisha alama. Sasa una umbo lenye sm 3 chini, sm 9 juu na urefu wa sm 19, na nafasi ya mshono ya milimita 6 (kutoka ukingo wa kitambaa hadi mshono) imo ndani tayari, usiongeze nyingine. Acha mstari wa katikati uonekane, utakusaidia kulenga maua.

Usitumie boksi laini. Baada ya kulichora mara kumi kingo zinalika, na petali ya ishirini haifanani na ya kwanza.

2. Chora na ukate petali 20. Weka kitambaa uso chini, kiolezo juu yake, chora kwa penseli. Geuza kiolezo kichwa chini kwa petali inayofuata ili kitambaa kisipotee bure: petali 4 zinaingia kwenye urefu wa sm 27. Chaki ya fundi usiitumie hapa, mstari wake ni mnene mno. Kata kwa ndani ya mstari wa penseli, si juu yake wala nje yake. Unene wa mstari nao ni kipimo.

Zipange zote mezani kabla ya kushona. Rudi nyuma hatua tatu, uziangalie. Rangi mbili zilizokolea zikikaa jirani, zitenganishe. Piga picha kwa simu ili usisahau mpangilio.

3. Tengeneza ncha. Kunja petali katikati kwa urefu, uso kwa uso, kingo mbili ndefu zikutane. Shona mwisho mpana tu, milimita 6 kutoka ukingoni, kuanzia kwenye mkunjo. Kata kona ndogo ya upande wa mkunjo, bila kugusa mshono. Fungua, geuza, sukuma ncha kwa kijiti butu. Usitumie ncha ya mkasi. Itatoboa, na tundu hilo halifichiki.

Sasa piga pasi mshono wa ncha ukiwa umelala katikati kabisa ya petali. Ukunje tena petali kwa urefu kidogo uone: mshono uwe juu ya mstari wa mkunjo. Ukienda pembeni, bega moja litakuwa chini kuliko lingine, na hapo ndipo ncha ndefu na fupi zinapoanzia. Bega ni pale ncha inapokutana na ukingo mrefu wa petali.

4. Weka alama ya milimita 6 kwenye cherehani. Weka rula chini ya sindano, shusha sindano kwa mkono hadi iguse alama ya milimita 6, kisha bandika kipande cha plasta kufuata ukingo wa rula. Kitambaa kitatembea kikigusa plasta hiyo. Mguu wa cherehani peke yake hauaminiki, kila cherehani na mguu wake. Jaribu kwenye vipande visivyo na kazi, pima, sogeza plasta mpaka iwe sawa.

5. Unganisha petali tano tano. Weka petali mbili uso kwa uso na ulinganishe mabega. Mabega, si ncha za chini. Kama kuna tofauti ya urefu, iende chini, kule duara la katikati litaificha. Bandika pini begani kwanza, kisha chini, kisha katikati.

Anza kushona kama sm 1 chini ya bega, rudi nyuma hadi ukingoni mwa bega, kisha endelea mbele hadi mwisho mwembamba. Kwa njia hii uzi haubaki ukining'inia begani. Kama cherehani yako hairudi nyuma, igeuze kazi, shona hadi begani, igeuze tena. Au anza begani na ufunge nyuzi fundo kwa mkono. Tumia mshono mfupi wa milimita 2 hivi, maana nyuzi za mwisho mwembamba zitavutwa sana.

Usivute kitambaa. Kingo za petali zimekatwa mshazari kidogo na zinanyumbuka. Mkono wako uongoze tu, meno ya cherehani yafanye kazi ya kusogeza.

Piga pasi mishono yote ilale upande mmoja. Kandamiza, inua, kandamiza. Ukiburuta pasi kama unapiga suruali, utanyoosha petali na hutajua umeharibu lini.

6. Pima kila robo. Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Petali tano mara digrii 18 ni digrii 90, pembe mraba kamili. Ukimaliza kuunganisha tano, zilaze kwenye sakafu ya vigae au kwenye kona ya meza iliyo mraba. Ukingo mmoja mrefu ufuate mstari wa kigae. Ukingo wa upande wa pili lazima ulale sambamba na mstari unaokatiza.

Ukitofautiana kwa milimita 3 hivi kwenye mwisho mpana, ni kama digrii moja. Endelea, pasi na mvuke vitatuliza. Ukifika milimita 6 au zaidi, simama hapo, rekebisha sasa. Kufumua mishono miwili leo ni dakika kumi. Kusubiri mpaka sahani nzima imefungwa ni jioni nzima, nami nimewahi kuipoteza jioni hiyo, usiku wa kuamkia siku niliyokuwa nimeahidi zawadi.

Robo ikizidi 90, shona tena juu ya mshono uliopo, ukiingia ndani kidogo begani na kuishia kwenye mshono wa zamani upande mwembamba. Robo ikipungua 90, fumua nusu ya juu ya mshono, ushone tena ukitoka nje kidogo begani. Kumbuka kwamba milimita 1 ya mshono inagusa petali mbili, kwa hiyo inabadilisha upana kwa milimita 2. Gawanya marekebisho kwenye mishono miwili au mitatu, usiutwike mzigo wote mshono mmoja.

7. Funga duara. Robo nne zikiwa sawa, unganisha mbili mbili upate nusu, kisha nusu kwa nusu. Nusu mbili zikikutana kingo zao ziwe mstari mmoja ulionyooka. Piga pasi sahani nzima kwa nyuma, kisha kwa mbele. Tundu la katikati litakuwa na upana wa sm 11 na kitu.

8. Bandika sahani kwenye msingi. Kunja kitambaa cha msingi mara mbili kupata robo, piga pasi mikunjo, fungua. Mikunjo hiyo inafanya msalaba. Laza sahani, mishono minne ya kuungania robo ifuate mistari ya msalaba. Piga pini kutoka katikati kwenda nje, kisha piga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya mkono, kuzunguka ncha zote. Wengi huiruka bandi kwa haraka, halafu petali ya kumi na tano inasogea chini ya mguu wa cherehani.

Shona ukingo wa nje milimita 2 kutoka pembeni. Ukifika kwenye ncha au kwenye bonde kati ya ncha mbili, acha sindano ikiwa chini, inua mguu, zungusha kazi, endelea. Ukipenda kazi isiyoonyesha mshono, shona kwa mkono kwa mishono ya kuficha. Inachukua muda, lakini kwa kitambaa cha zawadi ya harusi mimi siachi kushona kwa mkono.

9. Duara la katikati. Kata duara la karatasi ngumu lenye upana wa sm 13, yaani bikari uifungue sm 6.5. Kata kitambaa duara la sm 15. Kwa mkono, piga mishono midogo ya milimita 3 hadi 4 kuzunguka, milimita 5 kutoka ukingoni. Weka karatasi katikati, vuta uzi, kitambaa kijikusanye nyuma ya karatasi. Paka maji ya wanga kwenye mikunjo, piga pasi, acha ipoe kabisa. Legeza uzi, toa karatasi, vuta tena, pasi tena. Laza duara juu ya tundu, lifunike kila upande kwa milimita 8 hivi, ulishone kama ulivyoshona ncha.

10. Panga tabaka tatu. Kitambaa cha mgongo kilale sakafuni uso chini, kinyooshwe na kubandikwa selotepu kila upande, kikaze bila kuvutika. Juu yake pamba. Juu kabisa kazi yako, uso juu. Piga bandi kutoka katikati kwenda nje kama miale ya jua, kila mstari usiwe mbali na mwenzake zaidi ya kiganja.

11. Shona tabaka pamoja. Weka mshono mrefu zaidi, milimita 3. Anza ukingoni mwa duara la katikati, fuata mfereji wa mshono kati ya petali mbili mpaka bondeni. Shona mshono mmoja, kisha ulio mkabala wake ng'ambo ya pili, kisha ufuate ulio katikati yao. Usizunguke kwa zamu kutoka petali hadi petali, kitambaa kitasukumwa upande mmoja. Maliza kwa mstari mmoja kuzunguka sahani yote, milimita 6 nje ya ncha. Vuta nyuzi za mwanzo na mwisho zipite nyuma, uzifunge.

12. Sawazisha na uzungushie ukingo. Kata tabaka zote tatu pamoja kuwa mraba wa sm 58, sahani ikiwa katikati. Unganisha vipande vya ukingo kuwa kimoja kirefu, ukunje katikati kwa urefu, pasi. Anza katikati ya upande, si kwenye kona. Shona upande wa mbele, milimita 6 kutoka ukingoni, kingo tatu mbichi zikiwa pamoja. Ukikaribia kona, simama milimita 6 kabla, kata uzi, kunja utepe juu kwa mshazari, uushushe tena kufuata upande mpya, endelea. Geuza utepe nyuma, ushone kwa mkono.

Palipoharibika

*Sahani imekwisha kufungwa na katikati imesimama.* Usiipige pasi kwa nguvu ukitumaini italala. Itajikunja, na mkunjo utabaki. Fumua mshono mmoja wote, kutoka begani hadi chini, ulaze sahani sakafuni. Itafunguka na kuacha mwanya. Pima mwanya huo begani, kutoka alama za sindano za upande mmoja hadi alama za sindano za upande wa pili, si kutoka kingo za kitambaa. Tuseme ni sm 2. Kila mshono ukiulegeza milimita 1 begani unarudisha milimita 2, kwa hiyo unahitaji mishono 10: ruka mmoja, rekebisha mmoja. Fumua nusu ya juu tu ya kila mshono, shona upya ukiishia kwenye mshono wa zamani. Usiache nafasi ya mshono chini ya milimita 4, kitafumuka kikifuliwa.

*Ukingo una mawimbi.* Fumua mshono mmoja vilevile. Safari hii pande mbili zitapandiana. Pima zinapandiana kiasi gani begani, gawanya kwa milimita 2, upate idadi ya mishono ya kuingiza ndani milimita 1. Kazi hii ni rahisi zaidi, kwa sababu unashona juu ya mshono uliopo kisha unafumua wa zamani.

*Mabega hayalingani kwenye sehemu moja tu.* Tofauti ya milimita 1, iache. Zaidi ya hapo, fumua sm 4 za juu, linganisha, shona tena. Kama petali yenyewe ndiyo fupi, kosa liko kwenye mshono wa ncha, angalia kama mmoja ulishonwa mnene kuliko wenzake.

*Ncha ni butu.* Hukukata kona, au hukusukuma hadi mwisho. Kama bado hujaibandika, igeuze, kata, rudisha. Kama umekwisha kuibandika, ivute taratibu kwa ncha ya sindano kutoka nje. Usiitoboe.

*Tundu la katikati ni kubwa kuliko duara.* Mishono yako ilikuwa myembamba kidogo. Pima tundu, ongeza sm 1.5, ukate duara jipya la karatasi kwa kipimo hicho, na kitambaa kizidi karatasi kwa sm 2 kama mwanzo. Duara la sm 14 halimkosei mtu.

*Duara lina kona.* Mishono ya kukusanya ilikuwa mirefu. Fumua, rudia kwa mishono ya milimita 3, na uache ipoe juu ya karatasi. Ukiitoa ikiwa ya moto inarudi ilivyokuwa.

*Nyuma kumekunjana.* Bandi haikutosha. Fumua mstari ule tu uliokunja, kutoka nje kuelekea katikati, nyoosha mgongo kwa kiganja, piga bandi upya mahali hapo, shona tena ukianzia katikati.

*Chini ya kitambaa kuna kiota cha nyuzi.* Mara nyingi shida iko juu. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wa juu, upitishe upya kila mahali. Mguu ukiwa chini uzi hauingii vizuri kwenye visahani vya kukazia.

*Cherehani inaruka mishono karibu na katikati.* Pale mishono 20 inakutana na ni nene. Badilisha sindano, punguza mwendo, zungusha gurudumu kwa mkono kwenye sehemu nene.

*Rangi imechuja kwenye kitambaa cheupe.* Usikiache kikauke, wala usikipige pasi, joto linakaza doa. Kitumbukize papo hapo kwenye beseni kubwa la maji mengi yenye sabuni, kielee bila kubanwa. Badilisha maji kila yanapopata rangi, hata mara sita, mpaka yatoke meupe. Ndipo ukianike kivulini kikiwa bapa juu ya taulo, na ukiangalie kikikauka kabla ya kukirudisha mezani.